Radi Hutoka Wapi?



Tarehe 2 Julai 1505 mwanafunzi mmoja alikuwa njiani kurudi mji wa Erfurt, Ujerumani. Karibu na kijiji cha Stotternheim radi ilipiga kando yake. Akashikwa na hofu ya kufa, akaweka nadhiri kuwa mtawa. Kijana huyo ndiye Martin Luther.

Hofu ile twaijua sisi sote. Lakini kwetu mara nyingi hufuatwa na jambo baya zaidi. Ng'ombe wakifa chini ya mti, watu huuliza, "Ni nani aliyeituma radi hii?" Na mara jirani fulani hutajwa, pengine bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Basi, afadhali tuulize swali lingine: radi hutoka wapi, nayo hupita njia gani?

1. Asili yake

Jua likiwaka, nchi na maji hupata moto, na mvuke hupanda. Kule juu kuna baridi; mvuke hugeuka matone, na matone hugeuka barafu. Wingu la radi laweza kufika juu zaidi ya kilometa 10, na mlima Kilimanjaro una mita 5,895 tu. Ndani ya wingu hilo chembe nyepesi za barafu hupandishwa na upepo, zile nzito hushuka, nazo hugongana.

Sugua kitana cha plastiki katika nywele kavu, kisha ukisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi, utaona vinarukia. Huo ni umeme mdogo uliotokana na kusuguana. Katika wingu ni vivyo hivyo, lakini kwa nguvu kuu. Umeme wa namna moja hupanda juu, wa namna ya pili hukaa chini, na namna hizo mbili hutafutana. Hewa huzizuia, nguvu ikizidi, umeme hupasua njia, ama ndani ya mawingu, ama mpaka ardhini.

Wakaao kando ya Ziwa Victoria wamejionea. Mchana radi hupiga zaidi katika nchi kavu. Usiku hupiga zaidi juu ya ziwa, kwa sababu pepo zitokazo barani hukutana pale na kuipandisha hewa yenye maji. Kama radi ingetumwa na chuki ya mtu, je, ingeshika saa zake hivyo?

2. Ngurumo

Njia ya umeme hupata joto la kadiri ya digrii 30,000, yaani mara tano ya uso wa jua. Hewa hutanuka kwa ghafula, na mshindo wake ndio ngurumo. Nuru hutufikia mara moja, bali sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ukiona umeme, hesabu: kila sekunde 3 ni kilometa moja.

3. Kwa nini hupiga hapa na si pale?

Mara nyingi hupiga kitu kirefu: mti, mnara, au mtu aliye peke yake uwandani. Tena umeme hutambaa ardhini, ukaingia mguu mmoja na kutokea mwingine. Miguu ya ng'ombe imeachana sana. Ndiyo maana hufa wengi pamoja.

Zamani Ulaya watu walipiga kengele za kanisa ili kuifukuza radi. Kitabu kilichochapwa Munich mwaka 1784 kilieleza kwamba katika miaka 33 radi ilipiga minara ya makanisa 386 na kuua wapiga kengele 103. Je, hao walikuwa waovu kuliko wengine? Hasha! Walisimama chini ya mnara mrefu, wameshika kamba.

Mwaka 1752 jaribio alilolibuni Benjamin Franklin wa Marekani lilifanywa Ufaransa, likaonyesha kwamba mawingu ya radi yana umeme. Tangu hapo watu wakaweka fimbo ya chuma juu ya paa, na waya mnene kutoka hapo mpaka ndani ya ardhi. Fimbo hii haifukuzi radi. Huipa njia isiyodhuru nyumba.

4. Tufanye nini?

Ukisikia ngurumo, toka shambani na ziwani, uingie nyumba imara au gari lililofunikwa kwa bati. Kibanda cha nyasi hakikingi, na mti ni hatari. Usiguse mabomba wala nyaya. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mtu aliyepigwa hana umeme mwilini, usiogope kumgusa. Kama hapumui, mkandamize kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, huku wengine wakiita msaada. Wengine wamepona hivyo.

Mwaka 2011 radi ilipiga shule ya Runyanya nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Basi, wazee wa kanisa na walimu, tazameni majengo yenu, hasa yaliyo vilimani: je, yana kinga ya radi?

Na msiba ukitokea, tuwalilie waliokufa, tusimtafute jirani wa kumlaumu. Kumtaja asiye na hatia ni kumshuhudia uongo, na maneno hayo huua kama radi yenyewe.