POLISHI YA MOTOKARI: KAZI TATU NDANI YA CHUPA MOJA



Siku ya posho asubuhi, mukipita katika njia za kambi, mutaona motokari zimesimama mbele ya nyumba. Ndoo iko chini, redio inalia, baba anashika kitambaa, watoto wanamuzunguka. Ni kazi nzuri. Motokari imenunuliwa kwa franga za miaka mingi, na mwenyewe anataka ing'ae. Lakini leo ukurasa huu wa usalama na afya unataka kusema juu ya kitu kimoja kinachosimama pale karibu na ndoo: ile chupa ya polishi.

Kazini, kila dawa iko na karatasi yake, na kapita anauliza: "Miwani yako iko wapi?" Nyumbani hakuna mutu wa kuuliza. Mufanyakazi anayefunga vizuri pipa la asidi kwenye kiwanda, anaacha polishi wazi juu ya ngazi za nyumba, na mutoto wa miaka miwili yuko pale pale.

NI KITU GANI HIKI?

Polishi inayouzwa sana katika maduka na masoko ni ile ya kazi tatu pamoja: inasafisha, inasugua, na kuacha nta juu ya rangi. Kwa sababu hiyo watu wanaipenda. Mutu hanunui vitu vitatu, wala hafanyi kazi mara tatu.

Ndani yake muko kwanza unga mwembamba sana wa jiwe, unaokula uchafu na rangi iliyokufa. Tena muko mafuta mepesi yanayofanana na petroli ya taa, ambayo yanatoa lami na grisi. Mwisho muko nta. Nta iliyo nguvu kuliko zote inatoka katika majani ya muti mumoja wa Brezili, wa jamii ya ngazi, jina lake carnauba. Nta ya nyuki wa pori letu inayeyuka kwa digri 60 na kidogo. Ile ya Brezili inangojea mpaka digri 80 na zaidi. Mara nyingi wanaongeza pia mafuta ya silikoni, ili kitambaa kiteleze na maji yakimbie.

Sasa mufikiri vizuri. Unga wa jiwe unaokula rangi, mafuta yanayowaka moto, silikoni inayotelezesha. Kila kimoja kinafanya kazi yake pale kinapotakiwa. Kikienda pengine, kinaleta hasara.

KWA NINI RANGI INAKUFA

Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200 kupita bahari, na jua la huku ni kali. Mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, vumbi jekundu linaingia popote. Jua linaunguza rangi kidogo kidogo. Ukipitisha kidole, unaona unga kama wa chaki. Ule unga ni rangi yenyewe iliyokufa, na polishi ya kazi tatu inautoa vizuri sana. Toyota nyeupe ya zamani, ambayo watu wanasema imekwisha, inaweza kurudia weupe wake kwa asubuhi moja.

Lakini rangi yote ya kiwanda, tangu chuma mpaka juu, unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimeta. Motokari nyingi za siku hizi ziko na verni isiyo na rangi juu ya rangi, na verni hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya kitabu. Kila mara unapopitisha polishi yenye unga, unatoa kidogo. Mutu anayepiga polishi kila juma kwa sababu anapenda motokari yake, huyo anaimaliza. Mara mbili kwa mwaka inatosha: mara moja mvua ikikwisha, na mara moja mbele mvua haijaanza. Katikati, maji na sabuni tu, ao nta isiyo na unga.

NAMNA YA KUFANYA

Hapa tunakaa kidogo, kwa kuwa makosa mengi yanaanza kabla chupa haijafunguliwa.

Usipanguse vumbi kavu. Wachimbaji munajua jiwe la kwarzi, lile gumu linalomaliza meno ya mashine ya kutoboa. Vumbi lake likiingia ndani ya mapafu miaka na miaka, linaleta silikosi, na ndiyo sababu munatoboa kwa maji. Kwarzi hiyo hiyo iko ndani ya vumbi la barabara. Ni ngumu kuliko rangi yoyote. Ukiisugua kavu juu ya motokari, unachora mistari, na wewe unayeinama pale unapumua wingu. Basi maji kwanza, mengi, kuanzia juu kushuka chini. Ndoo mbili ni bora: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuza kitambaa. Tazama chini ya ile ndoo ya pili ukimaliza, utaona muchanga wenyewe. Magurudumu yaoshwe mwisho, kwa kitambaa chao.

Kisha motokari ikauke chini ya kivuli. Weka mugongo wa mukono juu ya kofia ya motere: kama inakuunguza, ngoja. Juu ya chuma cha moto mafuta yanakauka upesi, polishi inashikamana kama gundi, na mutu anasugua kwa nguvu mpaka anaharibu. Tena usifanye kazi ndani ya garaji iliyofungwa. Harufu ya mafuta yale inaleta kichwa kuuma na kizunguzungu. Na kama mwenzako anawasha motere humo humo ili asikie muziki, moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya.

Tikisa chupa vizuri, kwa maana unga unalala chini. Tia kidogo juu ya kitambaa laini cha pamba (singleti ya zamani inafaa sana), ujaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana. Kisha fanya kipande kwa kipande, upana wa nusu metre. Sugua bila haraka, ngoja mpaka polishi inakuwa kama ukungu mweupe, halafu pangusa kwa kitambaa kingine safi. Geuza kitambaa mara kwa mara.

Tazama rangi ya kitambaa. Kikishika rangi ya motokari, usiogope: ni rangi isiyo na verni, na hiyo ni ile iliyokufa inayotoka. Wakati rangi inapong'aa, simama, hata kama kitambaa kinazidi kushika rangi. Kisiposhika rangi, motokari yako iko na verni. Lakini ukiona rangi nyingine inatokea, ya kijivu ao nyekundu ya chini, umefika kwenye rangi ya kwanza, na hapo hakuna polishi ya kusaidia. Kwenye pembe na mikunjo ya chuma, pitisha polepole kabisa, kwani hapo rangi ni nyembamba.

Mustari unaoshika ukucha hautatoka. Verni inayobanduka kama ngozi ya nyoka haitarudi. Muuzaji akisema polishi yake inaponya hayo, mwache aendelee kusema.

Wengine wanapitisha mazutu juu ya motokari ili ing'ae. Inang'aa, ndiyo, mpaka kesho. Kisha vumbi lote la njia linashikamana pale, na mipira ya milango inalainika. Wengine wanatumia nta ya kungarisha sima ya nyumba. Ile ilifanywa kwa miguu ya watu, siyo kwa jua na mvua.

PALE AMBAPO POLISHI HAIPASWI KUFIKA

Kioo cha mbele. Mutu akimaliza kofia ya motere anapitisha kitambaa kile kile juu ya kioo, na mchana haoni ubaya. Usiku mvua ikinyesha, fagio za kioo zinatandaza nta na silikoni, taa za lori inayokuja zinageuka wingu jeupe, na mwendeshaji haoni muendesha kinga anayepita pembeni. Kioo ni maji, sabuni na kitambaa chake mwenyewe. Fagio nazo zipanguswe.

Usukani na pedali: hapana. Kiatu kikiteleza juu ya pedali ya freni, hakuna nafasi ya kujaribu tena. Wenye pikipiki musikilize zaidi: tangi inaweza kupigwa polishi, lakini disiki ya freni, mipira, na mahali pa kukanyaga, visiguswe hata kidogo. Disiki iliyopakwa nta haishiki.

MIKONO NA VITAMBAA

Mafuta ya polishi yanatoa mafuta ya ngozi. Mikono inakauka, inapasuka, inawasha, na mutu ambaye kazini anagusa simenti ao asidi anateseka mara mbili. Vaa mifuko ya mikono ya mpira. Ukimaliza, nawa kwa maji na sabuni; si kwa esanse, ambayo inaongeza ugonjwa.

Motokari za zamani sana, hasa za manjano, za chungwa na nyekundu, rangi yao inaweza kuwa na risasi. Ile rangi inayoshika kitambaa inashika pia vidole. Basi usivute sigara na usile mandazi katikati ya kazi. Na mama, vitambaa vile visiingie ndani ya beseni moja na nguo za mutoto muchanga. Vianikwe inje, mbali na mbabula, maana kitambaa chenye mafuta kinashika moto upesi. Chupa pia isikae karibu na makala yanayowaka.

Ikirukia jicho, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha uende kwa munganga.

CHUPA NA MUTOTO

Tumeacha jambo hili nyuma, lakini ndilo lililotufanya tuandike.

Polishi inanunuliwa kwa bidoni, jirani anaomba kidogo, na anapewa ndani ya chupa ya Fanta. Ni nyeupe kama maziwa. Inanukia vizuri. Mutoto anajua chupa ya Fanta ni ya nini.

Mafuta haya mepesi hayafanani na sumu nyingine. Tumboni yanaweza kukaa bila kuleta shida kubwa. Mubaya wake ni mapafu. Ni membamba sana, na mutoto akikohoa ao akitapika, tone dogo tu linaingia katika njia ya pumzi, linatandaa, na mapafu yanawaka kama kwa ugonjwa wa pnemoni. Kwa hiyo, wazazi, musimutapishe. Musimutie kidole kooni. Musimupe maziwa, wala mafuta ya ngazi, wala maji ya chumvi, hata kama bibi wa nyumba ya pili anasema ndiyo dawa ya zamani. Mumuvue nguo zilizolowa, mumunawishe ngozi, mumukalishe, na mumupeleke hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe ili munganga aone ni kitu gani.

Hata kama anacheka na kucheza, mumupeleke. Kikohozi, pumzi ya haraka, usingizi usio wa kawaida ao homa vinaweza kuja saa nyingi nyuma. Munganga akisema abaki atazamwe, abaki.

Kwenye kibandiko cha chupa, maandishi yanaweza kuwa ya Kifransa, Kiingereza, Kiarabu ao Kishina. Alama hazihitaji lugha. Zamani zilikuwa ndani ya muraba wa rangi ya chungwa. Utaratibu ambao Umoja wa Mataifa ulitoa katika mwaka wa 2003 umeziweka ndani ya muraba uliosimama juu ya pembe, wenye mupaka mwekundu. Mwali wa moto, munaujua kutoka kazini. Ile ya mutu mwenye nyota katika kifua iko na maana zaidi ya moja, na moja yake ni hii tunayosema: ikimezwa, inaweza kuingia mapafu na kuua.

Jirani akiomba polishi, aje na kitambaa chake, umutilie pale pale, urudishe kifuniko. Chupa ikae ndani ya kibandiko chake, juu ya kabati lenye kufuli, wala si chini ya kitanda wala nyuma ya tangi la maji. Ikikwisha, usiioshe kwa kuwekea mafuta ya kula ao maji ya kunywa. Itoboe kwa musumari, uitupe.