SOMO LA KIKUNDI: KITUFE KINACHONATA NA HESABU YA WANACHAMA



Siku hizi si ajabu kukuta kikundi cha akina mama wa Likoni, cha vijana wa Kisauni au cha wachuuzi wa Changamwe kina laptopu yake. Mara nyingi ni ya mtumba, nayo hupita mikono mingi. Ndani yake mna majina ya wanachama, michango ya kila juma, mikopo na kumbukumbu za mikutano. Basi laptopu hiyo ni kama sanduku la kikundi.

Leo tutajifunza juu ya ugonjwa mmoja mdogo unaozisumbua laptopu zetu, yaani vitufe vya kibodi kunata. Kibodi ni ile sehemu ya kupigia chapa, na vitufe ni zile batani zenye herufi na tarakimu. Kitufe kinachonata ukikibonyeza hakirudi juu upesi. Au huandika herufi moja mara mbili, mara tatu. Au hakiandiki chochote mpaka ukigonge kwa nguvu.

UBAYA WAKE UKO WAPI?

Tuchukue mfano. Kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja huchanga shilingi 200 kwa juma. Jumla ni shilingi 4,000. Kitufe cha 0 kinanata. Katibu anaandika 200 kwa jina la mwanachama mmoja, mashine inaandika 2000. Yeye hakuona, maana macho yake yalikuwa kwenye daftari, si kwenye kioo. Mwisho wa mwezi mkutano unakaa.

Mweka hazina: "Mama katibu, hesabu yako yasema juma la pili tulikusanya shilingi 5,800. Mbona sandukuni mlikuwa na 4,000?"

Katibu: "Baba, mimi niliandika kama nilivyopewa. Sikuongeza hata senti."

Sauti kutoka nyuma: "Haya, na hizo 1,800 zimekwenda wapi?"

Mwaona? Hakuna aliyeiba. Lakini neno limeshasemwa, na neno likitoka halirudi. Kikundi kilichokaa miaka kinaweza kuvunjika kwa ajili ya tone la chai. Kwa hiyo kusafisha kibodi si urembo, ni sehemu ya kutunza mali ya wanachama. Na habari njema ni kwamba vitufe vingi vinavyonata vina uchafu tu, na uchafu tunaweza kuutoa wenyewe.

KWA NINI VITUFE HUNATA?

Chini ya kila kitufe cha laptopu mna vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyopishana kama mkasi. Katikati yake mna kipira kidogo, mfano wa kikombe kilichopinduliwa. Ukibonyeza, kipira hujikunja na kuzigusanisha karatasi za plastiki zenye njia za umeme zilizo chini yake. Ukiachia, kipira hukisukuma kitufe kurudi juu. Nafasi yote hiyo ni kama milimita mbili hivi. Punje moja ya mchanga yatosha kuizuia.

Huku kwetu bara ya Mombasa adui ni wanne:

(a) Chai ya sukari, soda na juisi. Maji hukauka, sukari hubaki, nayo huwa kama gundi.

(b) Makombo ya mahamri na mafuta ya viazi karai yanayotoka vidoleni.

(c) Vumbi na mchanga. Walio kando ya barabara za malori ya makontena kule Changamwe wanajua vumbi ni nini.

(d) Hewa ya bahari. Ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Wakati wa masika vumbi lililokuwa kavu hugeuka kuwa tope jembamba.

Msidhani ni taabu ya mashine za mtumba peke yake. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza laptopu za MacBook zenye vitufe vyembamba zaidi vya muundo mpya. Wateja wengi wakalalamika kwamba vitufe vinanata au vinaandika mara mbili. Juni 2018 kampuni ilitangaza mpango wa kuvitengeneza bila malipo, na kuanzia Novemba 2019 ikaanza kurudia muundo wa mkasi.

KWANZA PIMA, USIKIMBILIE KUFUNGUA

Si kila kitufe kinachofanya vibaya kina uchafu. Fungua ukurasa mtupu wa kuandikia. Bonyeza kila kitufe mara tano, taratibu, kuanzia A hadi Z na 0 hadi 9. Kitufe kilichoandika zaidi au pungufu ya mara tano, kiandike kwenye karatasi. Mwenzako na asome, wewe ubonyeze. Halafu angalieni mambo haya matatu:

1. Laptopu nyingi zinazotumia Windows zina msaada wa watu wasioweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kwa mfano mtu anayetumia mkono mmoja. Ukibonyeza kitufe cha Shift mara tano mfululizo, mashine hukuuliza kama unautaka msaada huo. Ukikubali bila kusoma, vitufe vitaanza kufanya mambo usiyoyatarajia. Bonyeza Shift mara tano tena uuzime.

2. Ukishikilia Shift ya upande wa kulia kwa sekunde 8, mashine huweza kuwasha mpango mwingine wa kupuuza mibonyezo mifupi. Utadhani vitufe vimekufa. Shikilia tena sekunde 8 uuzime.

3. Katika laptopu nyingine ndogo, ukiona J, K na L zinaandika 1, 2 na 3, kitufe cha kufungia tarakimu kimewashwa. Kimeandikwa Num Lock au NumLk. Kizime, na mara nyingine hubidi ubonyeze Fn pamoja nacho.

Ukiona haya si sababu, na kitufe chenyewe ni kizito kidoleni, basi ni uchafu.

VIFAA

- Brashi laini ya rangi, iliyo mpya na kavu, au mswaki laini mpya.
- Vijiti vya pamba vya masikio.
- Spiriti ya isopropili kutoka duka la dawa au la vifaa vya umeme. Yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi ni bora, kwa sababu ina maji kidogo. Ya asilimia 70 pia yafaa, ila ipe muda mrefu zaidi ikauke.
- Kitambaa safi kisichotoa nyuzi.
- Kadi nyembamba ya plastiki, kama ile ya kuongezea salio la simu.

Spiriti hushika moto upesi. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, kibatari na sigara. Watoto wawe mbali.

HATUA ZA KUSAFISHA

Hatua ya 1. Nakili hesabu zote kwenye flashi. Zima laptopu kabisa, si kuifunika tu. Chomoa chaja. Kama betri yake ni ya kutoka, itoe.

Hatua ya 2. Igeuze laptopu kifudifudi, uitikise polepole na kuipiga mgongoni kwa kiganja. Makombo mengi yatatoka hapo.

Hatua ya 3. Ishike ikiwa imeinama, upitishe brashi katikati ya vitufe, kutoka juu kwenda chini, ili uchafu uanguke nje. Waweza kupuliza kwa pampu ya mkono ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Wala usiipeleke kwenye pampu ya gereji, kwa kuwa upepo wake ni mkali mno na mara nyingine huja na maji.

Hatua ya 4. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti, kisha kikamue. Kiwe na unyevu, kisidondoshe. Pitisha pembezoni mwa kitufe, huku ukikibonyeza na kukiachia mara 20 au 30. Rudia kwa kijiti kipya mpaka pamba itoke safi. Usimimine spiriti juu ya kibodi hata kidogo.

Hatua ya 5. Acha ikauke, angalau saa moja. Ndipo uiwashe na upime tena mara tano tano. Vitufe vingi hupona hapa, na kazi imekwisha.

Hatua ya 6. Kama bado chanata, waweza kukitoa kitufe chenyewe. Zima tena na uchomoe kama mwanzo. Piga kwanza picha ya kibodi kwa simu. Pitisha kadi chini ya kona moja, uinue taratibu mpaka usikie "tak", kisha kona ya pili. Ikikataa, usilazimishe, jaribu upande mwingine, kwa kuwa ndoano hazifanani katika kila laptopu. Toa kitufe kimoja tu kwa wakati mmoja. Kifuniko kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukikaushe kabisa. Mkasi wa plastiki na pembezoni mwa kipira pasafishe kwa kijiti cha pamba. Kipira chenyewe usikibandue, maana ukikibandua ni shida kukirudisha. Kisha weka kifuniko mahali pake, ukibonyeze kila kona mpaka kishike.

Vitufe vikubwa, yaani Shift, Enter na ule mrefu wa nafasi, usivitoe. Mara nyingi chini yake vina waya mwembamba wa chuma, na waya huo ukipinda kazi itakuwa kubwa kuliko ya mwanzo. Hivyo visafishwe kutoka pembeni tu.

MAMBO YA KUEPUKA

Usitie mafuta ya cherehani wala mafuta ya nazi. Kitufe kitateleza leo, kesho mafuta yatakamata vumbi. Usitumie petroli, mafuta ya taa, tina ya rangi wala dawa ya kutoa rangi ya kucha, kwani vitu hivi huweza kuharibu plastiki au kufuta herufi, na vingi huwaka moto. Usiianike laptopu juani wala juu ya bati ili ikauke.

CHAI IKIMWAGIKA SASA HIVI

Usingoje. Chomoa chaja na ushikilie kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Toa betri kama yatoka. Ifungue kioo, uigeuze isimame kama hema, kibodi ikitazama chini, maji yachuruzike. Futa kwa kitambaa. Iache hivyo siku mbili penye upepo wa feni. Habari ya kuifukia ndani ya mchele iacheni, kwani mchele hautoi sukari, na vumbi lake huingia ndani. Kama kilichomwagika kilikuwa na sukari au maziwa, ni heri fundi aifungue na kuisafisha kabla haijawashwa.

WAKATI WA KUMWENDEA FUNDI

Kujua pa kukomea nako ni ufundi. Mpeleke mgonjwa kwa fundi mkiona dalili hizi:

- Vitufe kadhaa vilivyo jirani vimekufa kwa pamoja. Huenda njia za umeme zilizo chini zimeliwa na kutu.
- Kibodi imevimba katikati, au mfuniko wa chini haukai sawa. Hii si kunata tena. Huenda betri imevimba, na betri iliyovimba huweza kushika moto. Zimeni, chomoeni, msiibonyeze wala kuitoboa.
- Mmesafisha mara mbili na bado.

Kabla ya kuvuka feri ya Likoni au kupita Nyali na Makupa kwenda mjini, mwulizeni fundi kwa simu bei ya kusafisha na bei ya kubadilisha kibodi nzima, kila moja kando. Anayetaka kubadilisha kabla ya kuitazama, mwombeni awaonyeshe ubovu. Mkingoja, mwaweza kuchomeka kibodi ya nje ya waya. Au katika Windows 10 na 11, bonyezeni kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows, Ctrl na O. Kibodi itatokea kwenye kioo, nanyi mtaibonyeza kwa panya.

LINDA HESABU WAKATI KITUFE NI KIGONJWA

Daftari la karatasi lisiachwe. Mmoja na asome kwenye daftari, mwingine aandike, wa tatu atazame kioo. Mwisho wa kila kikao linganisheni jumla ya kompyuta na ya daftari, na pesa zilizokuja kwa M-Pesa zilinganishwe na ujumbe wa simu. Tofauti ikionekana siku hiyo hiyo, husahihishwa kwa kicheko. Ikionekana baada ya miezi mitatu, husahihishwa kwa ugomvi.

Na kinga ni rahisi kuliko dawa: nawa mikono kabla ya kushika, chai iwe meza nyingine, funika laptopu kwa kitambaa ikiwa haitumiki, na ipigwe brashi kila mwisho wa mwezi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Laptopu yetu hulala wapi, na ni nani wanaoishika?

2. Hesabu ya kompyuta ililinganishwa na daftari mara ya mwisho lini?

3. Hesabu zikikosana mkutanoni, tunaanza kwa kutafuta kosa au kwa kumtafuta mkosaji?

4. Ni wanachama gani wawili watakaojifunza kazi hii, mmoja mzee na mmoja kijana, ili ujuzi usikae kwa mtu mmoja?

ZOEZI: Katika mkutano ujao, chukueni dakika 20. Pimeni vitufe vyote vya laptopu yenu mara tano tano, na matokeo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.