Mpaka wa Shule na Chumba cha Kulala

Leo tutasoma habari za mipaka. Si mipaka ya mashamba, maana hiyo kila mtu anaijua, na ugomvi wake anaujua. Tunasema mipaka ya shule.

Je, shule ina mpaka? Ndiyo. Mtoto wa shule ya msingi huandikishwa kijijini kwake au kijiji cha jirani. Akifaulu, wengi hupangiwa sekondari ya kutwa katika kata yao au kata ya jirani. Hizi ndizo shule za kata. Nyingi zilijengwa baada ya mwaka 2004, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES. Wananchi walisomba mawe, mchanga na maji kwa mikono yao. Basi mpaka wa kata mara nyingi ndio huwa mpaka wa shule. Kata ikigawanywa mara mbili, na watoto hugawanywa.

Sisi wa Ikungi mambo ya kugawanywa si mageni kwetu. Mwaka 2012 wilaya yetu ilimegwa kutoka Wilaya ya Singida. Watu wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu ofisi ilisogea karibu. Lakini ofisi ni kitu kimoja, na shule ni kitu kingine. Ofisini mtu huenda mara moja moja. Shuleni mtoto huenda kila siku.

Hebu turudi nyuma kidogo. Wazee wanakumbuka Operesheni Vijiji. Mwezi Novemba 1973 Serikali ilitoa agizo kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanakaa katika vijiji. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, kwamba kufika 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Kazi ile ilikuwa na machungu yake, watu waliacha makazi yao na mashamba yao. Lakini angalia jambo moja. Wakati ule watu walihamishwa wakaifuata shule. Siku hizi mpaka ndio unaohama, na watu wanabaki pale pale. Nyumba haina miguu.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme kuna kata moja yenye vijiji viwili. Kijiji cha kwanza kiko kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Singida, kama zilivyo Issuna na Mkiwa. Hapo pana nyumba za bati, maduka, na vyumba vya kupanga. Kijiji cha pili kiko ndani, mbali na lami. Watu wake wanakaa katika tembe zao, kila mji na shamba lake. Tembe haitaki fedha nyingi. Inataka miti, udongo na jasho. Ni nyumba nzuri kwa mwenyewe, lakini ni wachache wanaojenga tembe ili wapangishe. Kwa hiyo kijiji cha pili kina nyumba, lakini hakina chumba cha mgeni.

Tuseme tena kata hii inagawanywa. Sekondari iko kijiji cha kwanza. Kijiji cha pili kinaahidiwa sekondari yake, na madarasa yanajengwa kweli. Watu wanapiga vigelegele. Halafu mwalimu anapangiwa kuja kufundisha. Anauliza, nitalala wapi? Hakuna nyumba ya mwalimu. Anakwenda kupanga chumba kando ya barabara, anakuja kwa bodaboda. Mvua ikinyesha na korongo likijaa, haji. Siku hiyo darasa lipo, ubao upo, mwalimu hayupo.

Na mambo yanaweza kugeuka upande wa pili. Shule mpya inawekwa katikati ya kata, na watoto wa pembeni wanabaki mbali. Mzazi anaamua kumpangia mtoto chumba. Tangu Januari 2016 ada ya shule ya kutwa imefutwa mpaka kidato cha nne. Ni jambo kubwa. Lakini kodi ya chumba haikufutwa, maana inalipwa kwa mwenye nyumba. Na chumba cha bei nafuu ndicho mara nyingi kisicho na komeo zuri wala mtu mzima wa kuangalia. Mtoto wa kike wa miaka 14 anajipikia, anachota maji usiku, na hana wa kumwuliza ametoka wapi. Hapa tuseme wazi: chumba cha namna hiyo si nafuu. Gharama yake inakuja baadaye.

Wenzetu wa Marekani nao wana jambo hili, kwa sura nyingine. Huko watoto wengi wa shule za serikali hupangiwa shule kwa kufuata mahali wanapokaa. Nyumba zilizo ndani ya mpaka wa shule inayosifiwa huwa ghali, na mwenye kipato kidogo hukaa nje ya mpaka huo. Huko mpaka hupandisha bei ya nyumba. Kwetu mpaka unaweza kumpeleka mtoto mahali pasipo na chumba kabisa.

Je, mwananchi ana nafasi gani? Pendekezo la kugawa kijiji au kata hupitia Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wewe mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano huo. Kisha huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, vikao vya wilaya na mkoa, hadi TAMISEMI. Ni safari ndefu, lakini inaanzia chini ya mti wenu. Ramani ikiletwa, msitazame mstari tu. Ulizeni: vitanda viko upande gani? Bweni litajengwa lini, na kwa fedha zipi? Nyumba za walimu ni ngapi? Majibu yaandikwe katika muhtasari. Wewe unajua kusoma sasa, omba usomewe, kisha usome mwenyewe.

Jambo hili halingoji. Mtaala mpya ulianza 2024, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6. Kwa mpango huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027. Madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028. Hata pale ambapo mpaka hautaguswa, vyumba vitagombewa.

Sasa chukua kalamu. Mtoto anakaa kilomita 8 kutoka shuleni. Anakwenda na kurudi kila siku, kwa siku 194 za masomo. Anatembea kilomita ngapi kwa mwaka? Hesabu ya pili: tuseme chumba ni shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa miezi 10. Mzazi atalipa kiasi gani, na ni kuku wangapi kwa bei ya mnada wenu?

Jibu la kwanza ni kilomita 3,104. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700, kwa hiyo mtoto huyo amekwenda Dar es Salaam na kurudi mara mbili, na zaidi. Jibu la pili ni shilingi 100,000. Hesabu ya kuku fanyeni katika kikundi.