Maneno Yanayojulikana, Maana Zisizojulikana: Msamiati wa Kiingereza katika Mazungumzo Kuhusu Kompyuta na Akili Bandia

1.0 Utangulizi

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania mwanafunzi husoma karibu masomo yake yote kwa Kiswahili, na aingiapo kidato cha kwanza hulazimika kuyasoma kwa Kiingereza. Utaratibu huu, ambao chimbuko lake ni uamuzi wa mwaka 1967 wa kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi, umejadiliwa sana, na makala haya hayakusudii kuurudia mjadala huo. Linalochunguzwa hapa ni jambo dogo zaidi: jinsi mazungumzo kuhusu kompyuta, na hasa kuhusu akili bandia, yanavyoweza kumpatia mwanafunzi huyo msamiati wa Kiingereza, na pale yanapoweza kumpoteza.

Ni mazoea kudhani kwamba ugumu wa Kiingereza cha teknolojia umo katika maneno marefu na mageni. Hoja ya makala haya ni kinyume chake. Neno kama "algorithm" humsimamisha msomaji, naye huliuliza au hulitafuta kamusini. Neno kama "learn" halimsimamishi. Alilijua tangu shule ya msingi. Hulipita upesi, na yamkini akamaliza kidato cha nne bila kutambua kwamba katika sentensi aliyoisoma halikuwa na maana ile aliyoizoea.

2.0 Maneno ya zamani katika kazi mpya

Wasemaji wa Kiingereza walipohitaji majina ya vifaa vyao vipya hawakubuni sana. Waliyachukua maneno ya nyumbani mwao: "mouse", "web", "cloud", "window", "memory". Neno "computer" lenyewe, hadi katikati ya karne ya 20, lilikuwa jina la mtu aliyeajiriwa kupiga hesabu. Kuhusu "bug", walimu hupenda kusimulia habari ya nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1947, akabandikwa katika daftari la kazi. Habari hiyo ni ya kweli, lakini si asili ya neno. Thomas Edison alikwisha kulitumia kwa maana ya kasoro ya mtambo mwaka 1878, na wale wa Harvard walikuwa wakifanya mzaha tu.

Hata maneno yanayoonekana mageni mara nyingine si mageni kwa Mswahili. "Algorithm" limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye kitabu chake ndicho kilicholeta neno "aljebra". "Cipher", linalosikika kila yanapozungumzwa mambo ya usalama wa kompyuta, ni ndugu wa "zero", na yote mawili ni ndugu wa "sifuri". Shina lao ni moja la Kiarabu. Mwanafunzi akionyeshwa undugu huo mara moja, neno halimtoki tena.

3.0 Upatanisho wa kisarufi kama chombo cha kufundishia

Kiswahili kina jambo moja ambalo Kiingereza hakina, nalo halijatumiwa ipasavyo madarasani. Mzungumzaji husema "kipanya amekimbia" anapomtaja mnyama, na "kipanya kimeharibika" anapokitaja kifaa. Umbo la nomino ni lile lile. Kiambishi cha kitenzi ndicho kinachotoa hukumu kama kitu kina uhai au hakina. Anayesema "mouse" kwa Kiingereza huweza kumaliza sentensi nzima pasipo kuulizwa swali hilo.

Ugumu huanza kwa "roboti", neno lililoingia ulimwenguni kutoka katika tamthilia ya Karel Čapek iliyochapishwa mwaka 1920, na ambalo katika Kicheki linahusiana na kazi ya shokoa. Na tuchukulie mazungumzo ya darasani kama haya:

Mwanafunzi: Mwalimu, "the robot is learning" kwa Kiswahili ni roboti anajifunza, au inajifunza?
Mwalimu: Wewe ungesemaje?
Mwanafunzi: Nikiiona inatembea, ningesema anajifunza. Nikikumbuka kwamba ina betri, inajifunza.
Mwalimu: Haya. Sasa nieleze kwa Kiingereza inafanya nini, ila neno "learn" usilitumie.

Agizo hili la mwisho ndilo lenye faida. Mwanafunzi aliyenyang'anywa "learn" hana budi kutafuta maneno mengine, na atakayoyahitaji ni yale yanayoeleza kazi yenyewe: mashine hupewa mifano mingi, "examples", hutoa jibu, jibu hulinganishwa na lililotarajiwa, "compare", kosa hupimwa, "error", kisha tarakimu zilizomo ndani yake hurekebishwa kidogo kidogo, "adjust", mpaka makosa yapungue. Maneno manne yamepatikana kwa kuliacha moja, tena kila moja litamfaa katika fizikia na hisabati. Zoezi la namna hii haliwezekani kwa kila mada. Linawezekana hapa kwa sababu maana ya neno bado inabishaniwa, na penye ubishi pana sababu ya kusema.

4.0 "Artificial", "intelligence" na "hallucinate"

Istilahi "artificial intelligence" ilitumiwa na John McCarthy na wenzake katika pendekezo la mwaka 1955 la mkutano uliofanyika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Kwa Kiswahili yamependekezwa majina kadhaa, yakiwamo akili bandia, akili unde na akili mnemba. Tofauti ya mawili ya kwanza ni somo zuri la neno "artificial". Ua la bandia si ua, na noti ya bandia haina thamani. Lakini bwawa la Mtera nalo huitwa kwa Kiingereza "artificial lake", na maji yake ni maji kweli, limeundwa, halikughushiwa. Anayetafsiri hawezi kukwepa kuchagua, ilhali anayetumia Kiingereza huachiwa mashaka yote mawili ndani ya neno moja. Tena "akili" si "intelligence" kamili. Methali isemayo kuwa akili nyingi huondoa maarifa huvitenga vitu viwili ambavyo wauzaji wa mashine hizi huvichanganya kila siku.

"Hallucinate" lilichaguliwa na kamusi ya Cambridge kuwa neno la mwaka 2023, kwa maana mpya ya mashine kutoa habari zisizo za kweli. Tafsiri ya kawaida, kuona maruweruwe, haifai: aonaye maruweruwe ana macho. Mashine hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na hufanya vivyo hivyo isemapo kweli na isemapo uongo. "Kuropoka" lingekaribia zaidi, ingawa nalo lina lawama ambayo mashine haiistahili.

5.0 Mazungumzo na mashine yenyewe

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi mwenye simu ya intaneti anaweza kuzungumza Kiingereza na mashine usiku kucha. Si jambo jipya kabisa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alieleza programu yake ya mazungumzo, ELIZA, aliyoipa jina la msichana anayefundishwa matamshi ya watu wa tabaka la juu katika tamthilia ya Shaw, Pygmalion. Programu hiyo iliyageuza maneno ya mtu kuwa swali, basi. Hata hivyo katibu wake, aliyejua vema jinsi ilivyoundwa, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani.

Mashine za leo hujibu kwa "I understand" na "I'm happy to help". Mwanafunzi huweza kutakiwa kuorodhesha kila neno ambalo mashine imelitumia kujieleza yenyewe, kisha kulitamka kwa Kiswahili katika nafsi ya tatu: mashine imeelewa, mashine imefurahi. Ya kwanza hupita bila kupingwa. Ya pili huleta kicheko, na ndipo darasa linapoweza kurudi kwa ile ya kwanza na kuuliza kwa nini haikuchekwa.