Mti wa Nyumbani Ukikatwa: Msiba Usio na Matanga

Mwembe umesimama uani tangu kabla ya nyumba kujengwa. Mizizi imeanza kupasua ukuta, tawi moja limekauka juu ya paa la mabati, na vijana wamekubaliana kwamba lazima ukatwe. Jumamosi asubuhi fundi anafika na msumeno wa injini. Kufikia adhuhuri kazi imekwisha. Jioni bibi mwenye nyumba anakataa chakula. Siku ya tatu bado hali vizuri, hapati usingizi, na kila akitoka uani hurudi ndani akisema jua linamuumiza macho. Wanawe wanampeleka zahanati wakidhani ni malaria. Damu inapimwa, malaria haipo.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini msomaji wa Ganda, Watamu, Takaungu au Kaloleni hatashindwa kuujaza majina ya watu anaowajua. Bibi huyu ana ugonjwa gani?

Huenda hana ugonjwa wowote. Amefiwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuja kumpa pole.

Mnamo 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alichapisha kitabu kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui: mtu amepoteza kitu kikubwa moyoni mwake, lakini wenzake hawaoni kwamba ana haki ya kulia. Aliyefiwa na mume hukaliwa matanga, hupikiwa, hupewa ruhusa asiende shamba. Aliyepoteza mti huambiwa, "Ah, mti tu huo!" Basi humeza kilio chake, akaanza pia kujionea aibu. Kwa maoni yangu, aibu hii ndiyo humchosha mtu kuliko huzuni yenyewe.

Kwetu pwani mti haukuwa "mti tu" tangu zamani. Makaya ya Wamijikenda, ambayo Unesco iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, yamedumu kwa sababu wazee walikataza watu kukata miti ovyo ndani yake. Mbuyu huogopwa na kuheshimiwa. Katika boma nyingi za Wagiriama wafu huzikwa papo hapo nyumbani, na mara nyingine mti ndio unaowaonyesha wajukuu babu amelala wapi. Ukiuondoa mti huo umeondoa na alama ya kaburi. Halafu kuna mambo madogo ya kila siku: chini ya mwembe ndipo nazi hukunwa, watoto husukwa nywele, wageni hupewa kiti, na mzee husikiliza redio.

HUZUNI YA ALIYEUZA

Yuko mtu mwingine anayeumia zaidi, naye husahaulika. Ni yule aliyetoa idhini.

Mwaka 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa mizimamizima katika mashamba ya Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Kelele zikawa nyingi, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaiagiza Wizara ya Mazingira ichunguze kama kibali kilitolewa ipasavyo. Magazetini na redioni watu walibishana kuhusu sheria na mazingira. Lakini miti ile ilikuwa na wenyewe, wakulima waliokubali malipo. Mkulima mwenye karo ya kulipa na shamba dogo la mahindi ana sababu za kuuza, na si haki kumwita msaliti.

Anayejikuta katika hali hiyo, awe ameuza mbuyu au ameagiza mkorosho ukatwe apate mbao za kujengea, hubeba mizigo miwili: mti haupo, na ni yeye aliyesema ndiyo. Dalili yake si machozi. Aghalabu ni ukali nyumbani, kukwepa upande ule wa shamba, au kuongeza mnazi jioni. Mtu kama huyu hasaidiwi kwa kuambiwa hakukosea, maana hataamini. Mwacheni aeleze hesabu zake zilivyokuwa siku ile: deni gani, mtoto yupi, nani alimshauri. Akiisha kuyasema yote mbele ya mtu asiyemhukumu, mara nyingi huona mwenyewe kwamba aliamua kama mtu aliyebanwa, wala si kama mtu asiyejali.

MWILI NAO HUPOTEZA

Turudi kwa bibi na jua lake. Wanawe walidhani anatafuta kisingizio, kumbe anasema kweli. Uani hakuna kivuli tena. Kati ya Januari na Machi joto la Malindi si la kuchezea, hasa kwa mzee anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazomfanya akojoe sana. Akibaki ndani ya nyumba ya mabati hupungukiwa maji mwilini, kichwa humuuma, kisha huacha kutembea na kuonana na majirani. Upweke huanzia hapo.

Nchini Marekani mdudu mharibifu aliua takriban miti milioni 100. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Geoffrey Donovan walionyesha kwamba wilaya zilizopoteza miti hiyo zilipata vifo vya ziada vya magonjwa ya moyo na ya njia ya hewa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kukosekana kwa mti ndiko kulikoua, lakini unatosha kutufanya tusicheke.

Kwa hiyo kivuli kirudishwe kwanza, hata kabla ya kuzungumzia huzuni. Banda la makuti lenye nguzo nne, mahali pale pale pa kiti cha bibi, ni kazi ya siku moja au mbili. Lijengwe wiki hiyo hiyo.

KABLA YA MSUMENO

Kama mti bado umesimama, una bahati. Uliza kwanza kama kupunguza matawi hakutoshi. Ikiwa hakutoshi, mwambieni kila mtu wa nyumbani siku yake mapema, hasa wazee na watoto. Kukata mti watoto wakiwa shuleni ili wasilie ni kosa. Watalia wakirudi, na watajifunza kwamba nyumbani vitu hutoweka bila neno. Waacheni waupande mara ya mwisho. Pigeni picha. Kama chini yake pana kaburi, ulizeni wazee wa ukoo la kufanya.

Mwembe una faida moja ambayo wengi hawaifikirii. Kabla haujakatwa, fundi wa miche anaweza kuchukua vijitawi vyenye macho akavipandikiza juu ya miche michanga. Mche utakaotoka ni mwembe ule ule, wenye maembe yale yale. Baada ya mti kukauka nafasi hiyo imekwisha. Mbuyu hupandwa kwa mbegu, na atakayeupanda asitarajie kula mabuyu yake karibuni.

Hata hivyo, usimkimbilie mtu siku ya pili na kumwambia, "Tutapanda mwingine." Hakuna anayemwambia hivyo mama aliyezika mtoto. Mpe pole kwanza, kwa neno hilo hilo la pole. Kaa naye. Muulize nani aliupanda na mwaka gani, na ikiwezekana mjukuu ayaandike. Kipande cha shina kikifanywa kigoda au kibao cha mbuzi, kitampa mkono wake kitu cha kushika. Wengine hawataki kukiona, wasilazimishwe.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka kama mawimbi. Leo analia, kesho anacheka na majirani. Lakini iwapo kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, moyo ni mzito au hakuna kinachomfurahisha, naye halali, anakonda, anajilaumu kupita kiasi au anashindwa na kazi zake, hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Akitamka kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mkifika, msiseme tu kwamba hali wala halali. Mwambieni daktari au muuguzi habari ya mti na siku ulipokatwa. Asipoambiwa atapima malaria tena.