Unasubiri Amani Ipi, Mdogo Wangu?

  Vuteni viti, leo mazungumzo ni marefu kidogo.

Nina barua ya mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nyanda za Juu Kusini. Wilaya yake naificha, maana huko kila mtu anamjua kila mtu. Ni Mlutheri, anaimba kwaya, anafundisha watoto wa Shule ya Jumapili, na tangu akiwa sekondari ana jambo moja lisilomtoka moyoni: akasome teolojia awe mchungaji. Ameomba, amefunga, amekesha. Lakini kila akipanga kwenda kumwona mchungaji wake, tumbo linamkata na usingizi unapaa. Anauliza: "Dada, mbona sipati amani? Si ndiyo dalili kwamba Mungu hataki?"

Hapo kwenye amani ndipo ninapotaka tukae.

Makanisani kwetu tumezoea kupima kila kitu kwa amani ya moyoni. Binti akiulizwa kwa nini hakuomba ile kazi, anajibu hakuwa na amani. Kwa nini aliacha kuongoza kikundi cha vijana? Hakuwa na amani. Wakati mwingine ni kweli, Roho amemzuia, na mimi ni nani nibishe. Ila mara nyingi, tuambiane ukweli, ni woga wa kawaida uliovalishwa joho la kiroho ili mtu asiuhoji. Nani atamwambia mwenzake kwamba amani yake ni ya uongo?

Hebu mtazame Esta. Mtazame vizuri, maana kwenye semina za akina mama huwa tunamrusha kutoka kwenye taji moja kwa moja hadi kwenye ushindi. Mordekai alipomtumia ujumbe aende kwa mfalme kuwaombea Wayahudi, jibu lake la kwanza halikuwa na ujasiri wowote. Alimkumbusha sheria: anayeingia ua wa ndani bila kuitwa huuawa, isipokuwa mfalme amnyoshee fimbo yake ya dhahabu, na yeye alikuwa hajaitwa kwa siku 30. Woga wake ulikuwa na hesabu kamili. Alipokubali hatimaye, moyo haukuwa umetulia. Alikubali akijua anaweza kufa, na akalisema hilo wazi.

Kisha akafanya nini? Aliomba watu wafunge pamoja naye siku tatu. Siku ya tatu akavaa mavazi yake ya kimalkia, akaingia. Na alipopata kibali hakumwaga ombi lake pale pale mlangoni. Alimkaribisha mfalme na Hamani, adui wa Wayahudi, karamuni, halafu karamu ya pili, ndipo akasema lililomleta. Kufunga kumo, kujipamba kumo, mapishi yamo, na kujua saa ya kusema kumo. Sijui tulilitoa wapi wazo kwamba mwanamke anayemtegemea Mungu hapangi mambo yake.

Kama Esta ni wa zamani mno kwako, chukua Mama Teresa, ambaye alikuwa mwalimu kama wewe. Alikuwa mtawa wa shirika la Loreto, akifundisha wasichana Calcutta. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa ndani ya treni kuelekea Darjeeling, alisikia wito wa kuwaendea maskini huko huko wanakoishi. Watu hupenda kuishia hapo kwenye treni. Mimi napenda kilichofuata. Alisubiri ruhusa ya askofu mkuu wake na ya Roma, na hadi anatoka kwenye nyumba ya watawa wa Loreto ilikuwa Agosti 1948. Alipotoka hakukimbilia mitaa ya mabanda siku hiyo hiyo. Alikwenda kwanza Patna, kwa masista wenye hospitali, akajifunza misingi ya uuguzi: kufunga vidonda, kuzalisha, kuhudumia wagonjwa.

Na amani je? Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, baada ya yeye kufariki, zinaonyesha kwamba kwa miongo mingi alisali bila kuhisi Mungu yupo karibu. Giza tupu. Asubuhi akawa anaamka, anakwenda kwa wagonjwa wake. Kanisa lilizisoma barua hizo, na mwaka 2016 likamtangaza mtakatifu. Sasa wewe unataka utulie kabla hata hujabisha hodi kwenye ofisi ya usharika?

Tena wewe hufyeki pori jipya. Kanisa lenu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilikubali wanawake wawekwe wakfu kuwa wachungaji mwaka 1990, ingawa dayosisi nyingine zilichukua muda zaidi kulipokea jambo hilo. Kwa majirani zetu Kenya, Nyambura Njoroge aliwekewa mikono katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki mwaka 1982, mwanamke wa kwanza humo. Waanglikana wa Kenya walipata askofu wao wa kwanza mwanamke Januari 2021, Emily Onyango, askofu msaidizi wa Bondo, na mwaka huo huo Rose Okeno akawekwa kuwa askofu wa Butere.

Sisemi kwamba njia imekuwa lami. Namfahamu mchungaji mmoja wa kike ambaye Jumapili yake ya kwanza kugawa Meza ya Bwana, mzee mmoja wa makamo, suti yake ya kijivu imepigwa pasi vizuri, alifika karibu kabisa, akaona ni nani aliyeshika kikombe, akahamia upande wa mchungaji wa kiume mbele ya usharika mzima. Nilimuuliza dada huyo alifanya nini. Akasema alimpa mtu aliyefuata. Mzee huyo bado anahama upande mpaka leo. Naye bado anashika kikombe. Nilitamani sana aniambie kwamba walipatana, ingekuwa habari tamu ya kuwaandikia, lakini hawajapatana.

Tuje kwenye tumbo lako linalokata. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona umezifunga hofu zako zote katika furushi moja na kuliita "kukosa amani". Lifungue. Umeandika kwamba una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Hilo si jambo la mkesha, mama. Ni la kwenda benki kuuliza deni limebaki kiasi gani na ukiacha kazi itakuwaje. Umeandika unaogopa kupoteza ajira ya kudumu. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri, uliza habari za ruhusa ya masomo, na usijipe matumaini kabla hujasikia jibu, kwa sababu teolojia si ualimu na mwajiri ana mpango wake. Huenda ukaambiwa uchague. Basi utakuwa unaogopa jambo lenye sura, lenye tarehe na kiasi cha fedha, na hilo ndilo unaloweza kulipeleka magotini kwa jina lake. Ukimwambia Mungu tu kwamba unaogopa, mtakesha nyote wawili.

Hofu ya kusimama mbele ya watu ni nyingine kabisa. Umesema ukipewa kusoma somo ibadani karatasi inatetemeka mkononi. Mdogo wangu, weka karatasi juu ya mimbari, usiishike. Omba usome tena mwezi ujao. Musa alilalamikia ulimi wake mzito, akaongeza udhuru juu ya udhuru, mpaka akaomba atumwe mtu mwingine. Mungu alikasirika, lakini bado alimpa Haruni wa kumsaidia kusema. Msaada upo, ila Musa naye ilibidi aende Misri.

Kuna hofu nyingine naomba msiikemee, na hii nawaambia wote, si mwalimu peke yake. Kama anayekuthibitishia wito ni mtumishi anayetaka mshahara wako wote uwe mbegu, au anayesema Mungu amemwonyesha uhamie kwake ufundishwe huduma, au anayekukataza kumwambia mama yako, halafu ukasikia moyo unakwenda mbio, huo moyo unafanya kazi yake. Ondoka. Wito wa kweli hauogopi kujadiliwa mezani na watu wanaokupenda. Kwenu Walutheri njia inaanzia kwa mchungaji wa usharika na wazee wa kanisa, kisha inafika dayosisi, ndipo habari za chuo kama Makumira zinapokuja. Inachosha, najua, na vikao vyetu mnavifahamu. Ila watu wengi wakikutazama kwa muda mrefu, ni vigumu mtu mmoja kukudanganya.

Wale mlioniandikia kuhusu duka, uuguzi, kulea mtoto wa marehemu dada, au kurudi shule mkiwa na watoto watatu, yasomeni haya haya kwa hali zenu. Joho si la lazima.

Halafu tafuta mwanamke aliyekutangulia. Maria alipopata ile habari ya malaika, alifadhaika kwanza, akauliza itawezekanaje, na alipokwisha kuitikia alifunga safari kwa haraka hadi milimani kwa jamaa yake Elisabeti, mtu mzima aliyekuwa na muujiza wake tumboni. Alikaa huko yapata miezi mitatu. Malaika alikuwa amekwisha kusema, lakini bado alihitaji mtu mzima wa kukaa naye jikoni.

Limebaki suala la mchumba, ambalo umelificha kwenye mistari miwili ya mwisho kana kwamba sitaliona. Anasema anakuunga mkono, lakini ameuliza kwa utani watu watamwitaje yeye, baba mchungaji? Utani wa namna hiyo una swali ndani yake. Usimjibu kwa aya za Biblia. Kaeni mzungumze habari za uhamisho, maana mchungaji hupangiwa kituo: ukipelekwa usharika wa mbali, nani atamfuata nani? Mzungumze na habari za Jumamosi usiku: unapoandaa mahubiri, nani atakuwa na mtoto anayelia? Muulize kabla wazee hawajakaa kupanga mahari. Akisema tuoane kwanza, mengine tutaona mbele ya safari, elewa kwamba bado hajakujibu.

Mama yako mwambie wewe mwenyewe, asije akasikia kwa mzee wa kanisa. Ataanza na habari za ada aliyokulipia, mwache amalize. Na yule mchungaji wa kike uliyesema yuko dayosisi ya jirani, mpigie wiki hii hii. Piga Jumatatu, Jumapili wachungaji hawashiki simu.