Karanga za Safari: Chagua Kwanza, Kaanga Baadaye

Rafiki msomaji, tuseme kesho darasa lenu linakwenda kuona Kimondo cha Mbozi, au kikundi chenu cha skauti kinapiga kambi. Umeshafua nguo, umeazima begi. Je, utakula nini njiani?

Wengi wetu tunategemea soda na biskuti. Asubuhi Vwawa kuna baridi, unajiona uko fiti tu. Ikifika saa tano, jua limepanda na kilima hakijaisha, kasheshe inaanza: miguu inatetemeka, kichwa kinauma, unamkasirikia kila mtu. Usiseme ni uvivu. Huenda mwili umeishiwa nguvu na maji.

Kwa nini karanga na ndizi?

Sukari ya ndizi iliyokaushwa hufika kwenye damu mapema, kwa hiyo unapata nguvu haraka. Karanga hufanya kazi polepole. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na gramu 100 zina protini gramu 25 hivi. Ukichanganya hivi viwili, unapata nguvu ya sasa na ya baadaye. Tena havihitaji kupashwa moto, na havichachi upesi kama wali.

Mahitaji

• Karanga kavu vikombe 2
• Mbegu za maboga kikombe 1
• Ndizi mbivu zilizokaushwa, kikombe 1
• Chumvi kidogo

Namna ya kutengeneza

1. Siku chache kabla ya safari, kata ndizi vipande vyembamba. Anika juani kwenye chekecheke safi, ufunike kwa chandarua nzi wasitue. Jioni ingiza ndani. Zikiwa kavu hazinati vidoleni.
2. Mwaga karanga kwenye ungo, mahali penye mwanga, uzichague moja moja. Toa zilizoota ukungu, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi.
3. Nawa mikono kwa sabuni. Kaanga karanga bila mafuta, kwa moto mdogo, ukikoroga. Kaanga mbegu peke yake, maana huwahi kuiva.
4. Acha vipoe kabisa. Changanya na ndizi na chumvi, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko.

Hatua ya pili usiiruke!

Ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi unaweza kutengeneza sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo huioni kwa macho. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, inaweza kuleta saratani ya ini. Ukila nyingi kwa mara moja, inaweza kuua. Mwaka 2016, hapa hapa Tanzania, watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu. Kenya, mwaka 2004, walifariki 125.

Utasikia mtu akisema, "Ah, moto unaua kila kitu." Si kweli. Moto unaua ukungu, lakini sumu nyingi hubaki. Kuchagua hupunguza hatari sana, ingawa hakuimalizi yote. Ndiyo maana nunua karanga zilizokauka vizuri, na usiziweke kwenye sakafu yenye unyevu.

Huenda mama akasema, "Mwanangu, chakula hakitupwi." Mweleze kwa adabu kwamba hizi si chakula tena. Wala usiwape kuku, maana nao hudhurika. Zifukie.

Ukiwa njiani

Kula kiganja kimoja kila baada ya saa moja au saa moja na nusu. Usisubiri mpaka utetemeke. Kunywa maji safi mara kwa mara, maana kitafunwa chenye chumvi bila maji kitakuongezea kiu. Kabla ya kugawa, waulize wenzako: kuna anayedhurika na karanga? Mtu wa namna hiyo anaweza kuvimba midomo na kushindwa kupumua. Ikitokea, mkimbizeni hospitali mara moja. Watoto wadogo wasipewe karanga nzima, zinaweza kuwakaba.

Jipime

1. Kwa nini kukaanga peke yake hakutoshi?
2. Karanga zilizo jikoni kwenu zimehifadhiwa wapi?

Swali la pili usilijibu kwa kukisia. Nenda ukaangalie leo.